Nywele za Fedha Ndani ya Kopo la Tumbaku

Wanaosema Hachimia ana roho mbaya hawasemi uongo. Ila hawajui roho hiyo aliipata wapi, na mimi najua, kwa sababu fungu kubwa nilimpa mimi. Msusi gani mwingine Mahajanga nzima, huku Madagaska, anamwinua bibi harusi mkekani kichwa kikiwa nusu? Mwaka juzi alimtoa mmoja na mistari sita upande wa kulia, upande wa kushoto nywele zimesimama kama za nungunungu, akamwambia, "Nenda kaolewe hivyo hivyo, mwanangu. Picha zitatoka vizuri." Mama wa bibi harusi alilia mpaka mtaa wa pili. Tanambao yote, mtaani kwake, ikacheka, kisha ikakasirika, kisha ikarudi kusukwa, maana hakuna mkono kama ule.

Mimi ni mjomba wake. Kwetu mjomba si mtu wa kupewa chai na kuulizwa habari za magoti. Mjomba ndiye anayeoza, ndiye anayesema nani ataingia nyumba gani. Na katika wajomba, nilikuwa mjomba hasa. Shuleni nilifika darasa la tano, nikatoka kwa sababu mwalimu alichoka kusahihishwa. Gatini Mahajanga nilikuwa msimamizi wa wachukuzi: nilitupia gunia la kahawa jicho moja nikakuambia uzito wake, na mizani ikibisha, mizani ndiyo iliyopelekwa kwa fundi.

Desemba ya mwaka 1976 wenzetu Wakomoro waliuawa na wenyeji njiani na majumbani mwao, na mume wa dada yangu Moinaecha alikuwa mmoja wao. Waliosalia wengi walipakiwa kurudishwa visiwani. Mimi sikupakiwa. Nilimchukua dada, bintiye Hachimia aliyekuwa na miaka sita, na mwanangu Zoubeiri, nikawaficha nyuma ya magunia kwenye meli ndogo ya chumvi mpaka kisiwa cha Nosy Be. Siku tatu bila kukohoa. Tulipokanyaga Hell-Ville, mji wa kisiwa hicho, niliapa mbele ya dada yangu: walio nje wametuonyesha walivyo, basi damu ya nyumba hii haitatoka tena nje ya mlango. Dada akasema amina. Ninyi mngesema nini?

Hachimia akakulia pale. Akajifunza kusuka kwa vikongwe wa mtaani, na akiwa na miaka kumi na mitano alishafuatwa na wake za watu wakubwa. Mwaka 1990 nikatimiza kiapo: nikamwoza kwa Zoubeiri. Binti wa dada yangu kwa mwanangu mwenyewe. Harusi ile ilizungumzwa mpaka Ambanja. Sikumwuliza kama anataka. Alikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimemtoa Mahajanga nyuma ya magunia. Nilidhani hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Mtoto wa kwanza, Youssoufa, alizaliwa mwaka uliofuata na nywele za fedha. Sisemi nyeupe, wala za manjano kama za zeruzeru. Ngozi yake ilikuwa ya kwetu, macho meusi, lakini nywele, nyusi na kope ziling'aa kijivu kama sufuria mpya. Mkunga alimgeuza mara tatu akitafuta kasoro nyingine, hakuiona.

Siku ya saba ikawa akika. Mtoto ananyolewa, nywele zinapimwa, fedha yenye uzito huo inatolewa sadaka, na nywele zinazikwa. Kupima na kuzika ni kazi ya mkubwa wa nyumba, yaani mimi. Sonara jirani akaleta mizani yake midogo. Nikaweka nywele sahani hii na kipande cha mkufu sahani ile, nikauliza kwa sauti ili wanawake wa ndani wasikie:

"Fundi, ipi ya kutoa na ipi ya kuzika?"

"Mzee, ukizichanganya mimi sitazitenganisha!"

Watu wakaangua kicheko. Hachimia naye alicheka, kitandani, kichwa amekifunga leso. Nalikumbuka hilo kwa sababu hajacheka tena utani wangu tangu siku ile.

Sadaka nilitoa. Nywele sikuzika. Nilikwenda nyuma ya nyumba penye mlangilangi, nikaparua udongo kwa kisigino, nikarudi nikipangusa mikono kama mtu aliyefanya kazi. Nywele zilikuwa zimeviringishwa kwenye karatasi ndani ya kopo langu la tumbaku, kwa kuwa nilishawaahidi wenzangu wa bandarini kwamba kesho wataona muujiza. Na waliuona. Wiki nzima nilifunua kopo nikiwaambia, "Ninyi wajukuu zenu wanazaliwa watoto. Wangu kazaliwa mzee, kaja na busara yake tayari."

Sasa sikilizeni. Kwetu nywele za mtoto mchanga haziachwi juu ya ardhi. Nywele isiyozikwa ni mlango usiofungwa: mwenye kijicho akiiokota, mtoto hana kinga. Hilo nililijua tangu nimebebwa mgongoni. Lakini mtu anayependa kutazamwa atauza hata kivuli chake apate wa kukitazama.

Youssoufa alitembea, alisema, aliniita "mzee mwenzangu" kama nilivyomfundisha. Alipotimiza miaka miwili, homa ikaja. Ikashuka, ikarudi. Tumbo likavimba upande wa kushoto, bandama ikawa ngumu kama nazi changa, ufizi ukatoka damu. Alitibiwa malaria, maana kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitishe vingine. Akafa. Niliingia kaburini kumpokea, na kopo lilikuwa mfukoni mwangu.

Mwaka 1996 akazaliwa Charifa, fedha vile vile. Safari hii hata kuparua udongo sikujisumbua. Karatasi ya pili ikaingia kwenye kopo, na mwaka 1998 Charifa akaingia ardhini, homa ile ile, bandama ile ile.

Watu wakatafuta mwenye kosa. Wengine wakasema jini. Wengine wakasema ni ususi: mwanamke anashika vichwa vya kila mtu, anakanyaga nywele za watu zilizoanguka, unategemea nini? Zoubeiri akaulizwa barazani kama ana hakika watoto walikuwa wake. Hapo ndipo nilipopaswa kufunua kopo niseme, nywele hazikuzikwa, kama kuna mlango ulioachwa wazi basi aliyeuacha ni mimi. Badala yake nilifanya ninachokijua. Nilitunga jina. Nilimwita Hachimia Mama Wazee.

Jina lilifika sokoni kabla yangu. Watoto walilipigia makofi akipita na kapu lake la vitana. Zoubeiri akampa talaka tatu kwa mpigo, na Hachimia akafunga mizigo kurudi Mahajanga, mji alimouawa baba yake. Mama yake akamlilia: huko unafuata nini, mwanangu?

"Huko," akasema, na alikuwa ananitazama mimi, "angalau waliomwua baba hawakuwa ndugu zake."

Akapanga chumba Tanambao, akatandika mkeka. Miaka sita hatukusikia habari zake ila sifa za mkono wake. Mwaka 2004 akakaa mkekani kwake mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe, mtoto wa Wakomoro wa pale pale mjini, aliyesoma ng'ambo. Wote wanamwita Madamu Chaehoi. Alikuwa na kishungi cha mvi cha ujanani, na Hachimia alipokifikia mkono ukasimama. Madamu akauliza kulikoni. Hachimia, ambaye hakuwa amemwambia mtu, akamwambia mgeni.

Madamu hakumpa pole. Alimpa maswali. Ngozi yao? Macho yao? Homa ilirudi mara ngapi? Baba yao ni nani kwako? Akajibiwa: mtoto wa mjomba wangu. Kisha akauliza la mwisho: nywele zao zipo?

Ndiyo sababu Hachimia alipanda gari siku mbili mpaka Ankify, akavuka kwa boti, akaingia barazani kwangu asubuhi moja bila hodi. Na alikuwa na sababu ya haraka. Mdogo wake Sittou, aliyezaliwa Nosy Be kwa mume wa pili wa dada yangu, nilikuwa nimeshamposea mwanangu wa pili, Elamine, naye wa kuzaliwa huko huko. Zilibaki wiki mbili. Kiapo ni kiapo.

"Mjomba, nywele za wanangu ulizizika wapi hasa?"

"Swali gani hilo la kumwuliza mtu hajanywa chai?"

"Wapi?"

"Penye mlangilangi. Upande wa mashariki." Nikautia uongo upande, uonekane una adabu.

Akaniambia anachokitaka. Katika nywele za watu, rangi imetawanyika kama unga uliochungwa. Katika za wanawe, kama ni ugonjwa anaoudhani Madamu, itakuwa mabongebonge, kama unga ulioingia maji. Na ugonjwa huo hauji mpaka baba na mama wote wawili wawe wameubeba bila kujua, kila mmoja kapewa na mzazi wake. "Mimi na Zoubeiri babu na bibi zetu ni wale wale. Sittou na Elamine, wale wale. Nikipata nywele nitakuwa na kitu cha kumwonyesha mama. Sasa hivi nina maneno tu, na maneno ya Mama Wazee nani atayasikia?"

"Kwa hiyo Sittou atazaa wazee, hakika?"

"Hakika hapana. Huenda hakurithi. Huenda Elamine hakurithi. Na wakiwa wamerithi wote wawili, kila mimba ni bahati moja katika nne."

"Basi umetoka Mahajanga kuniletea huenda," nikasema. "Za kwangu mwenyewe zimejaa kabatini."

Elamine akacheka. Dada yangu hakucheka.

Hachimia akaingia jikoni, akatoka na kijiko cha chakula. Akapiga magoti chini ya mlangilangi, akaanza kuchimba. Moinaecha akamletea jembe, akakataa, jembe lingezikata. Alichimba kwa kijiko tangu saa tatu mpaka adhuhuri, upande wa mashariki, kisha wa kusini, kisha kuzunguka mti wote, kila kijiko akikichambua kwa vidole, vile vidole vinavyoweza kutenga unywele mmoja na mwenzake gizani. Maua ya mlangilangi yalimwangukia mgongoni. Mimi nilikaa barazani. Kopo lilikuwa mfuko wa kushoto, nalishika kupitia kitambaa kama mtu anavyoshika shavu lenye jino bovu.

Kwa nini sikulitoa? Nimeulizwa sana. Nikilitoa, ningekuwa mtu aliyeacha nywele za wajukuu zake juu ya ardhi na kuwatembezea walevi wa bandarini. Wasingeuliza habari za unga na mabonge. Wangesema ni mimi niliyewaua. Na wageni walishaalikwa, na kanzu yangu mpya ilikuwa kwa fundi. Basi nikampigia kelele kutoka kitini:

"Miaka kumi na tatu, mwanangu! Mchwa hawakubakishii!"

Akasimama, udongo mpaka viwikoni. "Makaburi ya wanangu sitayafukua," akasema. "Hilo siliwezi. Nilitaka nywele tu." Kisha akaniaga kwa Kimalagasi, lugha anayonisemesha akitaka nijue kuwa mimi ni mtu baki. Kijiko akaondoka nacho.

Sittou akaolewa. Mwaka 2006 akazaliwa Rabiata, nywele nyeusi tii kama masizi. Mnadhani nilinyamaza? Nilitafuta mtu mwenye simu, nikatuma salamu Tanambao: mwambieni Mama Wazee huenda yake imezaliwa, na ni nyeusi.

Mwaka 2008 akazaliwa Athoumani. Fedha.

Siku ya saba nikapima, nikatoa sadaka, na nywele zikaingia kopo lile lile. Mkono ulikuwa umeshazoea. Halafu nikaamuru mtoto anyolewe kila Ijumaa, nyusi na zote, avishwe kofia, na atakayeuliza aambiwe ana vipele vya kichwani. Hasa watu wa Mahajanga. Sittou alikuwa na miaka ishirini na minane na bado aliniogopa. Alinyoa. Ijumaa baada ya Ijumaa alimnyoa mwanawe ili dada yake asijue, na mtoto alicheka kila wembe ulipomtekenya. Miezi kumi na minne. Kisha homa.

Ilipoanza, nilijua ninachokisikia. Nikapanda gari peke yangu na kopo langu.

Hachimia alikuwa na mteja magotini. Nikaliweka kopo mkekani, mbele yake. Akalifungua, akakunjua karatasi ya kwanza, ya pili, bila kuuliza. Msusi anazijua nywele. Aligusa hizi akasema "Youssoufa," akagusa zile akasema "Charifa." Nilingoja anipige, nilikuwa nimejiandaa hata nimevua miwani. Alikunja karatasi vizuri, ya tatu hakuifungua.

"Huyu ana umri gani?"

"Nani kakwambia kuna mwingine?"

"Usingelileta kwa ajili ya waliokufa."

Tukapanda pusipusi, kigari cha kuvutwa na mtu, mpaka kwa Madamu Chaehoi. Njia nzima kopo alilishika yeye. Madamu akalaza unywele mmoja wa Youssoufa juu ya kioo, akaweka wake mwenyewe pembeni, akaniambia niinamie hadubini. Wake ulikuwa na vumbi jembamba la rangi, sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Wa Youssoufa ulikuwa mweupe mtupu, kisha bonge, kisha mweupe, kisha bonge kubwa zaidi, kama barabara iliyomwagiwa lami na mlevi.

"Ulifanya kazi gani, mzee?" Madamu akauliza.

"Msimamizi wa wachukuzi gatini. Bora waliyewahi kuwa naye."

"Vizuri. Basi utanielewa kuliko wanafunzi wangu." Na nikamwelewa, jambo ambalo sitamsamehe.

Alisema hivi. Chembe hai inayotengeneza rangi ni bandari. Rangi inafungwa kwenye vifuko, vifuko vinasafirishwa kwenye njia ndefu toka katikati ya chembe mpaka ukingoni, kama tishari linavyotoa shehena melini kuleta gatini. Lakini njia ile ndefu ina trafiki ya kwenda na kurudi. Kifuko kikifika ukingoni lazima kikamatwe, la sivyo kinarudi kilikotoka. Ukingoni kuna kamba fupifupi, wavu mzima wa kamba, ndizo zinazoipa chembe umbo lake, na juu ya kamba hizo anatembea mchukuzi. Mchukuzi hauoni mzigo. Anayemwonyesha ni protini ndogo sana, msimamizi, anayekaa juu ya kifuko chenyewe.

"Msimamizi huyo ana cheti chenye mihuri mitatu," Madamu akasema. "Akiwa na mihuri mitatu yuko macho: amekalia mzigo, anamshika mkono mtu wa kati, mtu wa kati anamshika mchukuzi, mchukuzi anashika kamba. Mhuri mmoja ukikatwa, msimamizi analala, anashuka, mzigo unaachiwa. Anapewa cheti kipya, anaanza tena. Wako wasimamizi wa namna hiyo wengi, kila mmoja na shehena yake. Wa vifuko vya rangi anaitwa Rab27A."

"Hilo jina la mfungwa, si la mtu."

"Kwa wajukuu zako hayupo, au yupo ameharibika. Mzigo unafika gatini, hapana wa kuukabidhi, unarudi. Rangi inarundikana katikati. Ikiingia kwenye nywele, inaingia kwa mabonge. Ndiyo fedha yako hiyo uliyokuwa ukiwaonyesha watu."

Hachimia akauliza kilichomleta. "Nywele haziui, Madamu."

"Haziui. Kama aliyeharibika angekuwa mtu wa kati, wangekuwa na nywele za fedha na wangetuzika sisi. Lakini msimamizi huyu ana kazi ya pili. Katika damu kuna askari, na silaha yao ni vifuko vya sumu. Anayevifikisha mwisho wa safari, vifunguke juu ya adui, ni yeye yeye. Asipokuwepo, askari anamkumbatia adui na hawezi kumwua. Hawezi kummaliza, basi hanyamazi. Anapiga mbiu, wanakuja wengine, nao wanapiga mbiu, mpaka jeshi lote limejaa ndani ya nyumba na linachoma nyumba yenyewe. Homa. Bandama. Damu kwenye ufizi."

Nikauliza dawa. Madamu akavua miwani. Ipo moja, akasema: uboho wa ndugu anayelingana naye, uingizwe mwilini mwa mtoto, uzae askari wapya. Rabiata huenda analingana. Haifanyiki hapa, inafanyika ng'ambo, na inataka mtoto afike kabla jeshi halijaanza kuchoma. "Ningemjua akiwa wa wiki moja," akasema, "tungekuwa na mwaka mzima wa kutafuta njia. Alikuwa na nywele, hakuwa nazo? Hakuna aliyeziona?"

Hachimia akanigeukia. Nje mtu wa pusipusi alikuwa akimbembeleza abiria.

Madamu aliandika barua. Hachimia aliuza cherehani, vitana vya pembe, vikuku vya harusi niliyomfanyia mimi. Moinaecha alitaka kuuza nyumba. Karatasi za safari zilikuwa zimefika hatua ya picha, na fundi wa picha akataka mtoto avuliwe kofia. Akapigwa picha na nywele zake, zimeota sentimita moja, ziking'aa. Ndiyo picha pekee aliyonayo Sittou. Athoumani alikufa siku kumi na mbili baadaye, kichwa kwenye paja la Hachimia, ambaye alikuwa amekuja Nosy Be kumsuka Sittou kwa ajili ya safari.

Baada ya siku ya tatu ya msiba, Hachimia akaniita makaburini mbele ya watu wote wa nyumba. Akanipa kopo. Akanipa kijiko. Kilikuwa kile kile.

"Zika, Mjomba."

Nilikuwa na miaka sitini na minane. Nilipiga magoti, nikachimba kwa kijiko cha chakula mashimo matatu kando ya makaburi matatu, na ardhi ya pale ni ngumu, na hapana aliyenipa mkono. Nilipoanza kuhema akasema, "Chini zaidi. Mchwa." Dada yangu Moinaecha aligeuza uso. Hakunigeuzia tena mpaka alipokufa.

Tangu hapo Hachimia ana swali lake. Kila bibi harusi anayekaa mkekani, kabla kichwa hakijaisha, anaulizwa: bwana harusi ni nani kwako? Akijibu mtoto wa mjomba, mtoto wa shangazi, Hachimia anaweka kitana chini. Anamwambia aende kwanza kwa Madamu yeye na mchumba, waulize waliokufa wadogo katika nyumba yao walikufaje. Wengine huenda. Wengi hutukana na kwenda kwa msusi mwingine. Jina la Mama Wazee bado linamfuata, ila sasa wanalisema wakiwa mbali.

Mwezi uliopita nilimpelekea Rabiata. Kapata mchumba Katsepy, mkabala na Mahajanga, kijana Mmalagasi wa kwenye kivuko, hatuna naye babu wala bibi, na aliyesema nenda si mimi. Mimi siozi mtu tena, hawaniulizi. Nina miaka themanini na tatu. Kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa shanga.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanawake wanangoja zamu. Rabiata akakaa mkekani, nywele nyeusi zimemfunika mgongo. Hachimia akazipitisha vidoleni taratibu, toka shinani mpaka nchani, kama anayehesabu. Akauliza swali lake, akajibiwa, akatikisa kichwa kuridhia. Nikafikiri tumemaliza, nikatafuta pa kukaa.

"Mjomba, usikae," akasema bila kuinua macho. "Huyu ni wa nyumba yetu, na wa nyumba yetu ana ada yake. Waambie hawa wanaongoja. Nywele za wanangu ulizizika wapi?"

"Hachimia, mwanangu, mbele ya mtoto siku ya..."

"Sijaanza kusuka."

Rabiata akageuka akanitazama. Anajua kuwa alikuwa na mdogo wake wa kiume. Hakuwa amewahi kusikia habari za kofia, za wembe wa Ijumaa, za kijiko. Mmoja wa wanawake akazima redio. Nikashika ukuta. Nikaanza na mizani ya sonara, kwa kuwa hapo ndipo watu hucheka, na mmoja wao alicheka kweli.

Nilipofika kwenye kopo, hakuna aliyecheka. Na Hachimia, nyuma ya kichwa cha Rabiata, akapasua mstari wa kwanza.